Alaska kwa meli au kwa nchi kavu? Mwongozo kamili wa kuamua kabla hujalipa

Kila mwaka ukiingia mwezi wa pili simu yangu huanza kuita. "Dada, safari hii tumeazimia kwenda Alaska. Tupande meli au tukodi gari?" Kabla sijajibu huwa nauliza: mzee wenu ni nani, na kila mmoja wenu ana karatasi gani? Naishi jimbo la Washington, jirani na bandari ambako safari nyingi za meli huanzia, na Alaska nimekwenda mara nne: mbili kwa meli, mbili kwa barabara na treni. Nimeona watu wakirudi wamejaa furaha mpaka machozi. Nimeona pia waliotumia akiba ya miaka miwili wakarudi wananung'unika, kwa kuwa walichagua safari iliyomfaa mtu mwingine. Haya ndiyo ninayowaambia ndugu zangu kwenye simu, kwa mpangilio ule ule.

Hatua ya 1: Elewa kwamba Alaska ni mbili

Alaska ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 1.7. Unganisha Kenya na Tanzania, bado Alaska inazizidi, na watu wake hawafiki laki nane. Hakuna wiki moja itakayokuonyesha yote, kwa hiyo amua mapema unataka ipi.

Ya kwanza ni ya pwani ya kusini-mashariki: visiwa, msitu mzito wa mvua, milima inayotumbukia baharini, na miji midogo isiyo na barabara ya kutokea. Juneau, mji mkuu wa jimbo, huwezi kuufikia kwa gari kutoka kokote. Ni ndege au chombo cha majini. Hii ndiyo Alaska ya meli. Ina nyangumi, ina tai wenye vichwa vyeupe, na ina barafuto, yaani mito ya barafu inayotambaa polepole kutoka milimani hadi baharini.

Ya pili ni ya bara: nyika pana isiyo na miti, mito ya kijivu, dubu wa kahawia, moose na caribou (wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu), kondoo mwitu weupe milimani, na mlima Denali, mita 6,190, unaoupita Kilimanjaro kwa karibu mita 300. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliurudishia mlima huo jina la McKinley, lakini hifadhi yenyewe bado inaitwa Denali na wenyeji wengi wanasema Denali. Huko ndiko kwa treni, basi na gari.

Meli haifiki Denali. Narudia jambo hili kwa sababu matangazo ya meli huweka picha ya dubu mbele ya mlima mweupe, na mtu akanunua siku saba za baharini akiamini atauona. Picha ile ni ya kifurushi cha meli pamoja na siku za bara, ambacho bei yake ni nyingine. Waulize wenzako swali moja: ukirudi nyumbani hujaona nini, utasikitika? Akisema "barafu ikianguka baharini" au "nyangumi", jibu ni meli. Akisema "dubu" au "ule mlima", jibu ni bara.

Hatua ya 2: Weka karatasi mezani

Hapa ndipo safari nyingi za watu wetu huharibika, nami sitapita haraka.

Meli kubwa za kitalii karibu zote zimesajiliwa nje ya Marekani: Bahamas, Panama, Bermuda, Uholanzi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazizuia meli za kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa bandari ya nchi nyingine. Ndiyo maana meli inayotoka Seattle na kurudi Seattle hupitia Victoria, Kanada, mara nyingi jioni kwa saa chache tu. Nyingine huanzia Vancouver, ambayo nayo ni Kanada. Kwa hiyo hata usiposhuka, hata ukilala chumbani, umetoka Marekani na utaingia upya.

Mwenye uraia wa Marekani au Kanada hana tatizo. Mwenye green card hahitaji viza ya Kanada, lakini lazima awe na kadi iliyo hai pamoja na pasipoti hai ya nchi yake. Wengi wetu pasipoti zile zimekwisha muda zikiwa kwenye sanduku, na kuipata mpya ubalozini si kazi ya wiki moja. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo aliyeingia Marekani kwa viza ya kutembea anahitaji viza ya Kanada. Kisha afungue ukurasa wa viza yake ya Marekani atazame penye idadi ya kuingia: herufi M maana yake mara nyingi, namba 1 maana yake mara moja. Mwenye namba 1 asilipie meli kabla ya kupata jibu la mwanasheria wa uhamiaji. Kanuni za viza kwa nchi zetu zimebadilika sana tangu 2025, kwa hiyo usitegemee alichoambiwa shemeji yako mwaka juzi.

Waliokuja kama wakimbizi, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi ni wengi hapa, wasipande meli inayogusa Kanada bila hati ya kusafiria ya mkimbizi. Binamu yangu alifika gatini na masanduku yake, watoto wamevaa kofia za safari, akarudishwa kwa kukosa hati hiyo. Wakala aliyemuuzia tiketi hakuwa amemuuliza hata neno moja. Watoto walilia njia nzima ya kurudi nyumbani, na fedha haikurudi.

Kwa watu wa namna hiyo safari ya bara ni salama zaidi: unapanda ndege Seattle, unashuka Anchorage baada ya saa tatu na nusu hivi, na hujatoka Marekani. Ila usidhani kwamba kuendesha gari kutoka Seattle ni njia ya mkato. Barabara yote ya katikati iko Kanada.

Hatua ya 3: Panga safari kwa miguu na tumbo la aliye dhaifu

Mzee mwenye magoti mabovu hufurahi melini. Sanduku linafunguliwa mara moja, kuna lifti, kuna daktari, na barafuto inamjia yeye akiwa amekaa. Safari ya bara ina kufunga na kufungua mizigo kila siku mbili, na saa nyingi za kukaa kwenye basi la aina ya basi la shule. Watoto wadogo nao hupata melini pa kuchezea, ingawa kijana wa miaka 14 anayependa wanyama ataifurahia zaidi bara.

Kuhusu kulevywa na bahari: njia ya ndani, ile inayopita kati ya visiwa na bara, hutulia kwa sehemu kubwa. Zipo mahali pawili pa kuangalia. Meli nyingi za Seattle hupita upande wa magharibi wa kisiwa cha Vancouver, ambako ni bahari kuu. Na meli zinazomalizia Seward au Whittier huvuka Ghuba ya Alaska, nayo ikichafuka inachafuka kweli. Aliyewahi kutapika kwenye boti ya Dar kwenda Unguja achukue chumba cha chini, katikati ya meli, na ameze dawa kabla ya kuanza kujisikia vibaya.

Hatua ya 4: Ukichagua meli, chagua njia kabla ya meli

Watu hutazama bwawa la kuogelea na idadi ya mikahawa. Tazama ratiba. Safari za kawaida ni za usiku saba, za aina mbili. Ya kwenda na kurudi bandari ile ile ni rahisi kwa tiketi ya ndege. Ya upande mmoja, Vancouver hadi Seward au Whittier, inakwenda mbali zaidi kaskazini na inakuacha karibu na Anchorage, ambako unaweza kuendelea na bara.

Kisha tafuta neno Glacier Bay kwenye ratiba. Ni hifadhi ya taifa, na meli kubwa zinazoruhusiwa kuingia ni mbili tu kwa siku. Mwaka 1794 msafara wa nahodha George Vancouver ulikuta barafu imeziba karibu ghuba yote. Tangu hapo imerudi nyuma takriban kilomita 100, na meli leo hupita juu ya maji palipokuwa barafu. Askari wa hifadhi hupanda melini na kueleza mnachokiona. Hakuna kushuka, na siku nzima mnakuwa humo ndani. Ratiba isiyo na Glacier Bay yaweza kuwa na Hubbard, barafuto kubwa yenye urefu wa kilomita zaidi ya 120, nayo ni nzuri sana. Isiyo na hata moja kati ya hizo mimi siinunui.

Siku ile katika Glacier Bay toka nje, usiitazame kupitia kioo. Nilisimama sitaha ya mbele na mama mkwe wangu, amejitanda kitenge juu ya koti la baridi. Ukuta wa barafu ulikuwa wa buluu ndani ya nyufa, kwa sababu barafu iliyogandamizwa miaka mingi humeza rangi nyekundu ya mwanga na kuiachia buluu. Kipande kikubwa kama nyumba ya ghorofa kikachomoka kimya. Tuliona maji yakiruka, na baada ya kitambo ndipo mngurumo ukatufikia, kama radi ya masika. Ndege weupe wakashuka kundi zima kuokota samaki walioduwazwa na kishindo. Mama hakusema kitu. Alinishika mkono akaukaza.

Kuhusu chumba, chenye roshani ni raha, lakini kama fedha ni ya kubana chukua cha ndani kisicho na dirisha, ukatumie tofauti hiyo kwenye matembezi ya bandarini. Kwenye barafuto meli hugeuka taratibu pande zote, kwa hiyo upande wa chumba si hoja. Katika kuvuka Ghuba ya Alaska kuelekea kaskazini, upande wa kulia ndio unaotazama nchi kavu.

Bandarini, ukiwa na siku ya Juneau, nenda kaone nyangumi. Nyangumi wenye nundu huja huko kiangazi kula, wengi wao wakitokea Hawaii, na boti ndogo huwakuta karibu kila siku. Ni jamii ile ile ya nyangumi wanaopita Watamu na Zanzibar kati ya mwezi wa saba na wa kumi, ingawa wale wa kwetu hutokea upande wa ncha ya kusini. Skagway panda treni ya White Pass, iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 wakati watu walipokimbilia dhahabu ya Klondike. Inakwea mlimani ukingoni mwa korongo, na mzee anaweza kukaa kitini mwanzo hadi mwisho. Ila uliza kama treni ya siku yako inavuka mpaka wa Kanada. Ketchikan beba koti la mvua bila mjadala, maana mji ule hupata zaidi ya milimita 3,500 za mvua kwa mwaka.

Jambo la kukubali mapema ni umati. Skagway ina wakazi 1,200 hivi, na meli tatu zikifunga gati siku moja wageni huwa maelfu. Ukitafuta ukimya, meli kubwa haitakupa.

Hatua ya 5: Ukichagua bara, usikimbie

Kosa la kwanza la wanaojipangia wenyewe ni kutaka kufika kila mahali. Chukua mstari mmoja: Seward, Anchorage, Talkeetna, Denali, na ukiwa na siku nane au zaidi, Fairbanks. Anchorage hadi Seward ni kilomita 204 za barabara inayofuata maji na milima, nami nasema bila kusita kwamba ni mojawapo ya barabara nzuri kuliko zote nilizopita. Ukiwa Seward panda boti ya siku moja kuingia hifadhi ya Kenai Fjords. Hapo mtu wa bara huonja sehemu ya kile cha meli: barafuto zinazogusa bahari, nyangumi, simba wa baharini.

Kutoka Anchorage hadi lango la Denali ni kama kilomita 380. Waweza kuendesha gari, na pia kuna treni ya Alaska Railroad ambayo huchukua saa saba hadi nane mpaka Denali na kama saa 12 mpaka Fairbanks. Mwenye hofu ya kuendesha upande wa kulia apande treni. Aliye na watoto akodi gari, kwa sababu moose akitokea kando ya barabara utataka kusimama.

Sasa Denali yenyewe. Barabara ya hifadhi ina urefu wa kilomita 148, na gari binafsi huruhusiwa kilomita 24 za mwanzo tu. Baada ya hapo ni basi la hifadhi. Agosti 2021 barabara ilikatwa karibu na katikati yake, mahali paitwapo Pretty Rocks, kwa maporomoko ya ardhi, na kazi ya kujenga daraja ilianza baadaye. Angalia taarifa ya hifadhi ya mwaka wako ujue mabasi yanafika wapi. Kuna mabasi ya maelezo, yenye mwongozaji na kiti cha uhakika mwanzo hadi mwisho, na kuna ya kawaida, ya bei ndogo zaidi, ambayo unaweza kushuka, ukatembea nyikani, ukapanda jingine lenye nafasi. Watoto wa miaka 15 kurudi chini hawalipi nauli kwenye haya ya kawaida. Mimi husifia ya kawaida kwa familia. Beba chakula, kwa kuwa njiani hapauzwi kitu.

Kwenye basi letu mwanamke mmoja wa nyuma alisema "simama" kwa sauti ndogo, dereva akazima injini. Dubu jike na watoto wake wawili walikuwa chini ya tuta wanakula matunda ya porini. Watu arobaini walinyamaza, na dirishani tukasikia majani yakichanwa, chwa, chwa, chwa. Ukiwa kwa miguu, sheria ya hifadhi ni kukaa angalau mita 275 mbali na dubu.

Lala Denali usiku mbili, ikiwezekana tatu. Mlima una mawingu yake mwenyewe, na kwa kawaida mgeni mmoja tu kati ya watatu huuona. Anayekuja asubuhi na kuondoka jioni anacheza bahati nasibu.

Hatua ya 6: Kama moyo unataka vyote

Kampuni kadhaa za meli, zikiwemo Princess na Holland America, zina loji zao karibu na Denali na huuza meli ya usiku saba pamoja na siku kadhaa za bara. Mizigo inapelekwa, treni ina paa la kioo, mzee hahangaiki. Ukinunua, hesabu ni usiku mangapi unalala Denali hasa. Vifurushi vya bei ndogo hukupa mmoja, nao hautoshi.

Njia ninayoipenda zaidi kwa vijana haitangazwi sana: feri za serikali ya jimbo, zinazofanya kazi tangu 1963. Kutoka Bellingham, Washington, hadi Ketchikan ni siku moja na nusu hivi, bila kutia nanga Kanada, na watu hupiga mahema juu ya sitaha. Hakuna burudani wala mhudumu wa kukutandikia kitanda, ila visiwa ni vile vile.

Hatua ya 7: Mwezi

Msimu wa meli ni kuanzia mwisho wa Aprili hadi Oktoba. Mabasi ya Denali hufanya kazi kuanzia Mei hadi katikati ya Septemba. Kwa meli napenda Mei, kwa sababu mvua ya kusini-mashariki ni ndogo na milima bado ina theluji. Kwa bara napenda wiki ya mwisho ya Agosti na ya kwanza ya Septemba: nyika imegeuka nyekundu, mbu wamepungua, na Fairbanks usiku umerudi kiasi cha kuona mianga ya kaskazini, yaani mwanga wa rangi unaocheza angani. Juni na Julai mbu wa bara ni wengi ajabu, ingawa hawana malaria.

Juni pia haina giza. Tarehe 21 Anchorage jua hutua saa 5:42 usiku na kuchomoza baada ya saa 10 alfajiri. Anayeswali ajipange, maana magharibi inakaribia saa sita usiku, na ni vema kumuuliza shehe wake mapema kuhusu isha na alfajiri. Watoto hawalali wakiona jua; beba vitambaa vya kufunika macho.

Hatua ya 8: Fedha, kwa hesabu ya kweli

Bei ya meli ina kitanda, chakula na usafiri. Haina bakshishi, ambayo kwa kawaida hutozwa kwa kila mtu kila siku, haina intaneti, vinywaji, matembezi ya bandarini, ndege wala hoteli ya usiku wa kabla. Chukulia bakshishi ya dola 18: watu wanne kwa siku saba ni dola 504 kabla hamjashuka bandari hata moja. Anayesafiri peke yake mara nyingi hulipia karibu chumba cha wawili.

Bara gharama kubwa ni gari na malazi, ambazo hazipandi sana mtu wa tano akiongezeka. Kwa hiyo wazee wawili meli huwafaa mfukoni, na familia ya watano yenye kupangisha nyumba ndogo yenye jiko, ikipika, hushinda kwa bara. Sisi tulinunua samoni Seward, tukamla kwa ugali wa unga tuliobeba kutoka nyumbani. Kwa wanaokula halali tu, kujipikia kunamaliza tatizo. Melini andika ombi miezi kadhaa kabla, kisha liulizie tena siku ya kwanza.

Usiache bima inayolipia ndege ya wagonjwa. Hospitali kubwa ziko mbali.

Hatua ya 9: Mpangilio wa kulipa

Karatasi kwanza. Kisha mabasi na malazi ya Denali, kwa sababu hujaa mapema. Tiketi za mabasi ya kiangazi kwa kawaida hufunguliwa Desemba. Kisha meli au treni. Gari la kukodi liwekwe mara tu tarehe zikijulikana, lenye ruhusa ya kughairi. Ndege ya kufika bandarini ifike siku moja kabla, maana meli haimsubiri mtu. Matembezi ya nyangumi yanafuata.

Talkeetna kuna pia ndege ndogo inayozunguka Denali na kutua juu ya barafu; hiyo iache mwisho kabisa. Asubuhi ukiwa Talkeetna toka nje, tazama upande wa kaskazini. Mlima ukionekana, nenda moja kwa moja uwanjani ukaulize kama kuna viti.